Kwenda Hija na mzigo mdogo: yaliyotukuta mimi na mamangu

Waalaykum salaam dada. Umesema mwakani waondoka na babako kwenda Hija, kundi mnalosafiri nalo limewapa orodha ya vitu vya kununua kurasa mbili nzima, na ulipouliza kama kuna namna ya kuhiji bila kuacha rundo la taka nyuma ukajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi nimekwenda Hija 2019 na mamangu, kisha Umra, ile ziara ndogo ya Makka, 2023 na kakangu, nami nitakueleza niliyoyaona.

Hilo la Wazungu liache lipite. Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba cha maji na akikoga kwa pishi au zaidi kidogo, na pishi sote twaijua kwa Zaka ya Fitri. Jaribu leo kutawadha kwa kibaba kimoja uone bomba la nyumbani lilivyokuzoesha vibaya. Tena ndani ya mipaka ya Haramu ya Makka, yaani eneo lake takatifu, mti haukatwi wala mnyama hawindwi, uwe na ihramu (zile shuka za kuhijia) au umeshaivua. Mtu aliyekatazwa hata kung'oa mwiba, zile chupa anazozitupa njiani atasemaje hazimhusu?

Sasa tusidanganyane: moshi mkubwa wa safari hii ni wa ndege, na hapo huna pa kukimbilia. Jahazi za mababu hazirudi. Unachoweza ni kuhesabu safari zako. Hapa kwetu Mombasa wako watu Umra imekuwa kama kwenda Malindi: Desemba wameenda, Ramadhani wameenda tena, na picha zao twaziona. Nia ya mtu siijui wala siihukumu, lakini faradhi ni Hija moja. Mimi nimeamua nikienda tena nitakaa siku nyingi, Makka na Madina kwa mkupuo mmoja, kisha basi.

Kipande cha nchi kavu ndicho chenye nafasi. 2023 tulipanda treni Miritini, tukashuka Syokimau, karibu na Nairobi, na kutoka pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta si mbali. Najua injini zake ni za dizeli, lakini gari moshi lililojaa abiria si sawa na kumpandisha kila mtu ndege ya saa moja. Kule Saudia kuna treni ya Haramain, ya umeme, inayofanya kazi tangu 2018. Makka hadi Madina ni saa mbili na ushei, na basi lilituchukua saa sita ile 2019, mamangu miguu imevimba. Ila jua kwamba stesheni ya Makka iko Rusayfa, bado utataka teksi kufika msikitini. Kwa Umra waweza kujichagulia. Kwa Hija usafiri hupangwa na wenyewe, wewe utapanda utakachoambiwa.

Kuhusu maji nisikilize vizuri, kwa sababu una mzee. Hija ya 2024 joto lilipita nyuzi 51 na watu zaidi ya 1,300 wakafariki. Ukipewa chupa ya plastiki Arafa, ipokee, mpe babako anywe, usianze kuhubiri mazingira pale. Sisi tulibeba chupa mbili za chuma za lita moja, tukizijaza Zamzam kwenye madumu yaliyo kila pembe ya msikiti. Hapo pembeni hukaa vikombe vya kutupa, na nimemwona mtu mmoja akitumia vinne kwa kiu moja. Chupa yangu ilipotea Jamarati, kwenye kurusha mawe, siku ya pili. Ya mamangu ipo hadi leo, kwa sababu yeye aliifunga kwa kamba akaivaa begani, nami nilimcheka.

Mkeka nao. Kundi letu liliambiwa kila mtu anunue mkeka wa plastiki wa kulalia nje usiku ule wa Muzdalifa. Mamangu akakataa, akakunja mkeka wake wa ukindu. Mimi niliona haya, kwa kweli, ule mkeka ulikuwa mrefu kuliko sanduku na kila mlango ulikuwa taabu. Lakini asubuhi, watu walipoondoka kwenda Mina, uwanja mzima ulibaki umetandikwa mikeka ya plastiki, mablanketi mepesi, mabaki ya chakula na chupa, huku wafanyakazi wanaokota kwenye jua. Mamangu aliukunguta mkeka wake, akaukunja, akaondoka.

Ihramu azima. Mombasa hakuna ukoo usio na ihramu kabatini, na nyingi zimehifadhiwa ziwe sanda. Uliza tu. Ila hakikisha ni ya pamba. Zile za nailoni humchoma mtu mzima mzima.

Zawadi ndizo zilizonitoa jasho. Nilijaza masanduku matatu: mablanketi mawili mazito, miswala kumi na mbili, misbaha (tasbihi) dazeni nne, saa za ukutani za adhana. Jeddah mizani ikakataa. Malipo ya kilo za ziada yalizidi bei ya mablanketi, basi tukayaacha pale sakafuni, na hatukuwa peke yetu. Nimefika nyumbani nikageuza pakiti ya misbaha: imetengenezwa China. Wiki ile ile nikaziona zile zile mjini karibu na Marikiti, kwa bei nafuu. 2023 nilileta tende za Madina na Zamzam, sikuleta kingine, na hakuna aliyenuna isipokuwa shangazi mmoja ambaye hununa kwa kila jambo. Mifuko ya plastiki hapa imepigwa marufuku tangu 2017, lakini kule utapewa mmoja kwa kila kitu, kwa hivyo beba kikapu chako.

Na orodha ya kundi haitakuambia hili: taka nyingi za Hija yetu zilizaliwa mtaani kwetu Majengo, si Makka. Siku ya kutupokea mimi na mamangu yalikwenda magari tisa uwanja wa ndege wa Moi kuchukua watu wawili wenye masanduku yao, na mengi yalirudi na dereva peke yake. Nyumbani watu mia na zaidi, biriani kwenye sahani za kutupa, maji ya chupa ndogo ndogo ambazo nusu hazikumalizwa. Magunia manane tulitoa usiku ule. Nilipokwenda Umra nikampigia dadangu simu mapema: basi moja dogo, na chakula kipakuliwe kwenye masinia ya arusi, watu watano watano, kwa birika na besini kama zamani. Masinia tuliazima kwa majirani watatu. Vijana walilalamika kuosha, wazee walikaa wakala hadi ukoko.

Kwa hiyo anza na karamu yenu ya kuaga, hiyo iko mikononi mwako. Nimemuuliza mamangu kuhusu ule mkeka. Asema babako ataazimwa, ila aujue ni mrefu, na aurudishe yeye mwenyewe.