Nachanja watoto Goma, natamani kazi ya sera za chanjo

SWALI: Mimi ni muuguzi A1, nachanja watoto kwenye kituo cha afya hapa Goma. Natamani kazi ya sera za chanjo, hata kwenye mashirika ya kimataifa. Wenzangu wanasema bila shahada ya Ulaya nisijisumbue. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada. Shahada ya pili utaihitaji, lakini Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa inaifundisha. Anza na rejista iliyo mezani pako.

Tuseme waliopata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya magonjwa matano, mwaka huu ni 120, ya tatu 96. Toa, unapata 24. Gawa kwa 120: walioishia njiani ni 20%. Ikizidi 10% kuna tatizo, na mara nyingi liko kituoni, maana hao akina mama walishakuja. Goma kuna mtego mwingine. Vita vimehamisha watu, kwa hiyo idadi ya watoto wanaotarajiwa katika eneo haiaminiki. Kiwango cha waliochanjwa kinaweza kupita 100% huku watoto wa wakimbizi hawajaguswa. Hesabu ya walioishia njiani inaweza hata kutoka hasi, kwa sababu mtoto alianzia Rutshuru akamalizia kwako. Usiipambe, andika sababu.

Halafu tazama chanjo ya surua. Chupa ya dozi 10 ikishachanganywa, kinachobaki kinatupwa baada ya saa 6. Muuguzi mwenye watoto wawili anaogopa kuifungua, anamwambia mama arudi Alhamisi. OMS, Shirika la Afya Duniani, inataka ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini akifungua kwa hao wawili, dozi 8 zinamwagwa na zoni ya afya, ofisi inayosimamia vituo vya eneo, inamuuliza. Hiyo ndiyo sera yenyewe: tuagize chupa za dozi 5, tubadili siku za chanjo, au tukubali upotevu? Kwa miezi mitatu andika waliorudishwa nyumbani na waliorejea kweli. Fanya kurasa mbili, mpelekee daktari mkuu wa zoni ya afya. Watu wengi wenye shahada kubwa hawana takwimu hizo.

Kiingereza kianze sasa. SAGE, kundi linaloishauri OMS kuhusu chanjo, lina nyaraka zilizo wazi kwenye intaneti; soma uone ushahidi unavyopimwa kabla ya pendekezo kutolewa.

Ukiomba masomo, ambatisha zile kurasa mbili. Kwanza pata ruhusa ya daktari mkuu, na majina ya watoto yasionekane popote.