Jani kwenye kitambaa halitoshi: ushauri kwa anayebuni vitambaa vya kuchapa

Kuchora majani kwenye kitambaa ni rahisi, na kukiita kitambaa hicho rafiki wa mazingira ni rahisi zaidi. Wanaoanza kazi hii huniuliza swali lilelile: nitumie rangi za mimea au za kiwandani? Swali ni zuri, ila linakuja mapema mno. Kwa uzoefu wangu, mengi huwa yameshaamuliwa kabla ndoo ya rangi haijafunguliwa, penseli ikiwa bado mkononi. Basi tuanze na penseli.

Acha kwanza picha za mtandaoni. Ule mmonstera wenye majani ya matundu umechapwa mpaka umechosha. Nenda kwenye mmea halisi ukae nao. Mimi nilikaa na mpapai. Wengi wakiuchora huchora jani lake lenye vidole, au tunda lililopasuliwa likaonyesha mbegu. Angalia shina. Kila jani linapokauka na kudondoka huacha kovu, na makovu hayo hupanda yakilizunguka shina kutoka chini hadi karibu na kilele. Sogea karibu: kovu lina ukingo ulioinuka kidogo, na ndani yake mna vidoa pale mishipa ya jani ilipokatikia. Hakuna makovu mawili yanayolingana. Hapo tayari una nakshi ambayo jirani yako hana, nawe hukuiba kwa mtu.

Tena mpangilio wenyewe unafundisha. Mimea mingi hutoa kila jani jipya kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka lile lililotangulia, na kwa hiyo jani la juu halimkingii jua mwenzake wa chini. Mbunifu anahitaji ujanja huohuo kwa sababu nyingine. Ukirudia mchoro wako kwa mistari iliyonyooka, mboni ya ua hukaa chini ya mboni ya ua, na ukitandika kitambaa ukarudi nyuma hatua kumi unaona michirizi ambayo hukuichora. Dawa ya kawaida ni kushusha safu ya pili kwa nusu ya kimo cha mchoro. Lakini usiiamini kwa macho ya kompyuta peke yake. Chapa karatasi kadhaa, zigandishe ukutani, kisha zitazame ukiwa umefumba macho nusu. Mchirizi ukiwepo utajitokeza wenyewe.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo halizungumzwi vya kutosha: mwelekeo wa nakshi. Fundi anapopanga vipande vya nguo juu ya kitambaa, hupenda kukigeuza kipande kimoja kichwa chini ili kiingie kwenye pengo la mwenzake. Ukichora maua yote yakitazama juu, umemnyima nafasi hiyo. Vipande vyote vitalala upande mmoja, mapengo yatabaki, na yaliyomo kwenye mapengo yatakatwa na kutupwa. Pamba ile ilishalimwa, ikamwagiliwa, ikasokotwa, ikafumwa, ikachapwa, halafu ikaishia kapuni kwa sababu ya uamuzi wako wa kuchora ua likiwa limesimama. Nakshi kubwa mno nayo ina hasara yake, maana fundi hulazimika kuongeza kitambaa ili michoro ikutane kwenye mshono. Mimi hutawanya vitu: jani hili linaangalia juu, lile limelala, lile limeanguka kifudifudi. Majani yaliyopeperushwa ardhini hukaa hivyohivyo, kwa hiyo hutakuwa umedanganya.

Kuhusu idadi ya rangi, kuwa bahili. Katika uchapaji wa skrini, yaani fremu ya wavu ambayo rangi hupenyezwa hadi kwenye kitambaa, kila rangi ina skrini yake, na kila skrini huoshwa. Rangi mbili zinazopitiana hukupa ya tatu: manjano angavu juu ya buluu, una kijani. Weupe au ukahawia wa kitambaa chenyewe ni rangi nyingine ya bure, na wengi huifunika kwa kupaka usuli mzima bila sababu. Uache upumue.

Hapa humkumbuka William Morris, mbunifu wa vitambaa wa Uingereza wa karne ya 19. Mwaka 1883 alitoa kitambaa chake maarufu cha ndege wanaoiba stroberi, baada ya kuwaona wakifanya wizi huo kwenye bustani yake ya Kelmscott, Uingereza. Ninachokipenda ni kwamba aliuchora wizi wenyewe, ndege wakiwa na tunda mdomoni. Mbinu yake sikushauri uifuate, kwani alichovya kitambaa kizima kwenye nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, kisha akaitoa buluu kwa dawa ya kung'arisha pale alipotaka michoro itokee. Tuchukue jicho lake, ndoo yake tumwachie.

Kitambaa chenyewe nitakipitia haraka. Pamba, kitani na hariri hupokea rangi za mimea. Poliesta karibu haizishiki, na kila inapofuliwa humwaga vinyuzi vya plastiki majini. Lebo nazo zisomwe vizuri. GOTS, lebo ya kimataifa ya nguo za kilimo hai, inadai angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, na asilimia 95 kwa daraja la juu. OEKO-TEX Standard 100, lebo nyingine, hupima mabaki ya kemikali zenye madhara kwenye bidhaa, lakini haikuambii pamba ililimwaje. Nimewaona wauzaji wakizichanganya hizi mbili, na si mara zote kwa bahati mbaya.

Haya, rangi. Ukichapa kwa mashine au skrini utakutana na aina mbili hasa. Rangi za riaktivu huungana na nyuzi za pamba na kitambaa hubaki laini, ila kwa kawaida lazima kifukizwe mvuke kisha kisuuzwe mara kadhaa, na rangi isiyoshika huondoka na maji hayo. Pigmenti hukaa juu ya nyuzi, hushikiliwa na gundi na kukazwa kwa joto. Hazidai kusuuzwa, kwa hiyo maji yanayotumika ni machache, lakini mara nyingi gundi hiyo ni ya jamii ya plastiki, na ukiipaka kwa wingi kitambaa hukakamaa kama boksi. Kwa nakshi nyepesi yenye nafasi wazi nyingi, mimi huchagua pigmenti bila kusita. Kwa usuli uliojaa, fikiri tena kama unauhitaji.

Rangi za mimea zinataka subira na mizani ya kupimia gramu. Kwanza chemsha pamba kwa sabuni na magadi kidogo mpaka nta yake itoke, utashangaa maji yatakavyogeuka rangi ya chai. Kisha itie tanini, ile dawa chungu ya mimea iliyomo hata kwenye chai, na baadaye shabu, chumvi ya madini inayoifanya rangi ishike, kiasi cha gramu 150 kwa kila kilo ya kitambaa kikavu. Chumvi ya chuma nayo hushikisha rangi, na huigeuza kuwa nzito na ya kijivu, lakini gramu 10 hadi 20 kwa kilo zinatosha. Ukizidisha, chuma kitaula uzi. Krome, chumvi nyingine ya kushikisha rangi, usiiguse, ni sumu, na hakuna rangi nzuri kiasi hicho. Ukitaka kuchapa kwa muhuri wa mbao badala ya kuchovya, ufanye uji mzito wa rangi kwa gundi itokanayo na mwani. Nili ina njia zake: haihitaji shabu, hutoka kwenye pipa ikiwa na ukijani, kisha hewa ndiyo huigeuza kuwa buluu.

Na usidanganywe na kila kinachotia doa. Bizari hutoa manjano ya kuvutia sana, lakini jua huipausha upesi. Rangi ya kiazisukari chekundu (bitiruti) haidumu kabisa.

Kwa hiyo kila rangi mpya naipitisha kwenye majaribio matatu kabla sijakubali jora lolote. Kipande kimoja nakifua pamoja na kitambaa cheupe nione kama kinachuja. Kingine nakisugua kikiwa kikavu, kisha kikiwa kibichi. Cha tatu nakifunika nusu kwa kadibodi na kukibandika dirishani jua linapopiga, nacho hukaa hapo wiki kadhaa. Nikiondoa kadibodi nikakuta mpaka ulio wazi kati ya nusu mbili, rangi hiyo haitaingia kwenye pazia wala shati. Ikiwa imefaulu kwenye kufuliwa na kusuguliwa, naipeleka kwenye bitana za mifuko na makoti.