Tangazo la kazi mtandaoni limenijazia simu, na kuna anayetozwa ada

SWALI: Nina nyumba ya wageni Shela, Lamu. Niliweka Facebook tangazo la mpishi na mtu wa mapokezi. Simu haikunyamaza, wengi wanapiga kutoka bara, na mmoja akaniuliza kama ada ya fomu aliyotuma imenifikia. Mimi sikutoza ada yoyote. Nifanyeje?

JIBU: Hilo la ada ndilo la kwanza, ndugu yangu, maana mtu anaibiwa kwa jina lako. Andika leo kwenye ukurasa wako kwamba huchukui hata shilingi kwa mwombaji. Aliyelipa aende polisi na ujumbe wake wa M-Pesa, wenye nambari iliyopokea. Matapeli hunakili tangazo la mwenzao wakabadilisha nambari ya simu tu, kwa hiyo tangazo jipya liseme wazi maombi yanapokelewa wapi, na kwamba ni bure.

Sasa tangazo lenyewe. “Mpishi anahitajika, piga simu” humwita kila mtu. Taja kazi ilivyo: samaki wa kupaka, biriani na kiamshakinywa cha wageni wanane, siku sita kwa wiki, mshahara kadha, cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Sema kama chumba cha kulala kipo, na anayetoka Lamu mjini nauli ya boti atalipa nani. Sema pia kama kazi inasimama wakati wa masika, wageni wanapopungua. Wengi wa bara wakisoma hayo watajitoa wenyewe, na atakayebaki anajua anachokijia. Umri na jinsia usiviweke. Katiba ya Kenya na Sheria ya Ajira ya 2007 zinakataza ubaguzi tangu kwenye kuajiri.

Kwa mapokezi, usihukumu kwa wasifu peke yake. Waombe waombaji watume ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa WhatsApp, wakimjibu mgeni aliyekwama uwanja wa ndege wa Manda na boti haijafika. Utasikia lugha, adabu, na kama mtu anafikiri haraka. Mpishi naye mwite apike siku moja, umlipe siku hiyo.

Nakala za vitambulisho usizidai mpaka umeshachagua. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za watu hukusanywa kwa kadiri ya haja tu, basi za waliokosa zifute ukishamaliza. Utakayemchukua kwa miezi mitatu au zaidi, mwandikie mkataba. Majaribio yasizidi miezi sita, ila akikubali mwenyewe kuongezewa.