Barua kwa mwanangu aliyeko Hamburg

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, mama yako ameisoma mara mbili. Unauliza: mkataba wako wa utafiti unaisha Septemba, profesa anakupa miaka miwili mingine, na huku nyumbani kuna nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Ubaki au urudi? Nitafika huko. Kwanza kuna jambo la taa.

Ulipopiga simu Idi iliyopita ndipo nilipoielewa kazi yako kwa mara ya kwanza. Mna kipande chembamba cha vanadiamu dioksidi. Chini ya digrii 68 kinazuia umeme. Kikipata joto zaidi ya hapo, kinaupitisha kama chuma. Digrii 68! Maji ya rejeta yanapita hapo hata themostati haijafunguka. Mnakipiga kwa leza, halafu mnakimulika kwa mmweko wa eksirei kutoka ile mashine yenu ya eksirei iliyo ndani ya handaki la kilomita 3.4. Kila mmweko unadumu kiasi cha kugawa sekunde kwa milioni, kipande kile ukakigawa tena kwa milioni, kisha kwa elfu, ukachukua vipande vichache tu. Mnauchelewesha kidogo, mnapiga tena, mpaka mwendo wa atomu uonekane hatua kwa hatua. Ukasema, "Baba, ni taa yako ya taimingi tu," ile ninayorekebishia muda wa cheche za injini. Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekata. Haukukata.

Mawazoni nilikuwa nimerudi gerejini Ngamiani, kwenye ile Datsun 1200 ya mzee wa samaki. Ulikuwa na miaka tisa, jua limezama, nikakuambia unishikie taa. Klipu mbili kwenye betri, waya kwenye plagi namba moja, nami nimeipaka chaki alama ya puli. Injini inanguruma, taa inamweka, na alama ile nyeupe imesimama tuli kama gari limezimwa. Ukapiga kelele, "Baba, imesimama!" Ukanyoosha kidole uiguse.

Nilikupiga ule mkono kwa nguvu. Ukalia, mzee wa samaki akacheka, nami nikakufukuza gereji mbele yake. Likizo nzima hukukanyaga tena. Ningekuacha uiguse, leo usingekuwa na kidole, hilo silijutii. Ninachojuta ni kwamba sikukueleza. Ulikuwa umeona sawasawa, ila hukujua kwa nini, na maelezo yake ni ya dakika mbili: taa inawaka pale tu puli inaporudi palepale. Mimi ninayesema kila siku fundi hakisii, fundi anaangalia, nilimpiga mtoto kwa kuangalia.

Sasa kuhusu kurudi. Watoto wa huku wanahitaji mtu aliyeona kwa macho yake, si wa kunakili ubaoni. Hapana, nimekosea, nawavunjia heshima walimu waliokufundisha wewe fizikia bila hata balbu ya maabara. Walitosha. Na upande mwingine, mikataba ya miaka miwili miwili si maisha. Shangazi yako ananiuliza kila Ijumaa nami sina jibu. Lakini fundi hakisii, na mimi Hamburg sijafika, wala sijui zamu ya usiku kwenye ile mashine inakuchosha kiasi gani.

Ila kuna kitu kinaninyima usingizi. Ulisema katika kipande kile, kabla hakijapigwa, atomu za vanadiamu husimama mbili mbili, na kwamba mwaka 2018 watafiti walioitumia mashine ya eksirei ya Stanford, Marekani, waligundua kuwa jozi zile hazivunjiki kwa gwaride: kila atomu inakimbia kivyake. Taa yangu inafaa kwa sababu puli hurudi palepale kila mzunguko. Ingekuwa inazunguka ovyo, ningeona ukungu mweupe tu. Nyinyi mnajumlisha picha za mapigo maelfu kwa maelfu. Kama kila pigo atomu zinakimbia tofauti, katika ukungu ule mnasoma nini?

Nilimuuliza kaka yako, akasema nikuulize wewe. Usiniambie kwa simu, niandikie, na uchore. Na usiseme baba amekuambia ubaki mpaka ulijibu. Sijasema hivyo. Mama yako yuko hapa, ameshuhudia kwamba sijasema.

Baba yako