Fizi zinatoka damu, twende kwa nani?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu kapimwa malaria mara tatu, hana, lakini homa haikatiki, fizi zinatoka damu na ana michubuko mapajani. Tumwone nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Michubuko bila kugongwa haingoji Jumatatu. Mpeleke hospitali leo. Omba picha kamili ya damu, kipimo kinachohesabu chembe nyeupe, nyekundu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kikionyesha kasoro, mwombe daktari rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya hapa Mwanza, pale kilimani, na utaje wazi: daktari bingwa wa magonjwa ya damu. Huenda akachukua uboho, ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga, inauma kidogo. Beba majibu yote, hata yaliyonuka dagaa. Asimeze dawa za maumivu kama aspirini wala diklofenaki, zinaweza kuzidisha kutoka damu.