Maswali na majibu: Ataacha lini methadoni?

Ujumbe wenu wa mwezi huu ni mwingi, na karibu nusu yake unauliza jambo moja: mwanangu, mume wangu, mdogo wangu ataacha lini methadoni, dawa inayonywewa kliniki kutibu uraibu wa heroini? Naanza na hilo, kwa sababu ndipo familia zinapompoteza mgonjwa huku zikiamini zinamwokoa.

Shikamoo mama. Kijana wangu ana miezi tisa anakunywa methadoni pale Temeke. Amenenepa, anafanya kazi gereji, haibi tena. Anaoa Desemba. Wajomba zake wanasema imetosha, aache kabla ya harusi. Nimwambieje? – Mama, Mbagala Rangi Tatu

Marahaba mama, na hongera kwa kusimama naye. Waambie wajomba wamwache mtoto. Hayo mnayofurahia, mwili kurudi, kazi, mikono kutulia, yameletwa na hiyo dawa. Ukimwondolea dawa kwa sababu imemsaidia, unataka nini kibaki?

Miezi tisa ni michache. Mtu aliyetumia unga, yaani heroini, kwa miaka ubongo wake umebadilika, na hautengemai kwa msimu mmoja. Ushauri wa kitaalamu ni kukaa kwenye tiba mwaka mmoja kwa uchache. Wengi wanahitaji miaka kadhaa, na wapo watakaokunywa maisha yao yote wakiwa kazini na kwenye familia zao, bila tatizo. Wanaokatisha mapema wengi wao hurudi kwenye unga, na hapo ndipo penye hatari kubwa: mwili umeshapoteza uzoefu wa unga. Ile kete, kipakiti kidogo cha unga, aliyokuwa akiivuta zamani na kuendelea na safari zake, leo inamzimia pumzi. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha tiba ndizo hatari kuliko zote.

Siku ikifika ya kupunguza, mwenye kusema ni yeye mwenyewe, siyo kikao cha ukoo. Atazungumza na daktari wake, dozi itashuka kidogo kidogo kwa miezi, na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa ulichouzoesha, ikianza kumsumbua wanasimama hapo hapo au wanarudi juu. Na hawachagui kipindi cha harusi, chenye pesa mkononi, michango, ugomvi wa ndugu na marafiki wa maskani ya unga wanaorudi kusalimia.

Hukuniuliza, lakini nitasema: bibi harusi anajua? Kama hajui, aambiwe na kijana mwenyewe kabla ya mahari. Mke asiyejua ndiye atakayeitilia shaka safari ya kliniki ya kila asubuhi.

Hivi huko si kumbadilishia mtu ulevi tu, kwa kodi zetu? – Mlipakodi, Sinza

Swali hili huja kila mwezi, mara nyingi likiwa na matusi nisiyoyachapa. Nalijibu tena, na safari hii naomba lisomwe mpaka mwisho.

Unga unapanda kichwani ndani ya sekunde au dakika na kuisha kwa saa chache, ndiyo maana teja anahangaika mara tatu, nne kwa siku kutafuta kete kabla arosto haijamkamata. Methadoni inanywewa mdomoni, inapanda taratibu na kukaa saa 24 au zaidi. Dozi ikiwa sawasawa mtu hapandi wala hashuki, hasinzii, na akijaribu unga juu yake hapati alichokizoea. Ndiyo, mwili unaizoea, na akiikata ghafla atapata arosto. Hilo hatulifichi. Lakini mtu anayekunywa dawa mbele ya muuguzi asubuhi kisha akaenda kazini hana ulevi wowote wa kumsimanga nao.

Halafu hili si jaribio la jana. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kutibu waraibu wa heroini kwa methadoni huko New York miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine kama Mbeya na Mwanza. Na kodi yako inalinda zaidi ya mteja mmoja: aliyeacha kujidunga hachangii sindano, na asiyechangia sindano hapeleki virusi vya UKIMWI nyumbani kwake wala kwa jirani yako.

Naweza kununua methadoni duka la dawa nimpe mwenyewe nyumbani? – Kaka, Kigogo

Hapana. Na anayekuuzia mtaani kwa chupa anakuuzia kifo, kwa sababu hujui kipimo wala hujui aliitoa wapi. Ukitaka aanze tiba, fika kliniki au tafuta asasi inayofanya kazi na waraibu mtaani kwenu. Tiba yenyewe ni bure.

Nimeanza dawa, leo siku ya nne. Dozi ni ndogo, usiku arosto inanitesa, kwa hiyo naongezea kete moja tu ya kulalia. Kuna ubaya? – Hakutaja mahali

Upo, na ni mkubwa. Kama unasoma haya, usiongeze kete usiku wa leo.

Mteja anaanzishwa kwa miligramu 30 au chini ya hapo kwa sababu methadoni hujilimbikiza. Sehemu ya dozi ya Jumatatu bado imo mwilini Jumanne, ya Jumanne inaungana na ya Jumatano, hivyo dozi ile ile inazidi kuwa na nguvu kwa takribani siku tano bila kuongezwa chochote. Wewe unaona ni ndogo. Siku ya nne si ndogo tena. Ukiweka unga juu, au pombe, au valiamu, unaweza kulala usiamke. Wiki mbili za kwanza ndizo tunazoogopa kuliko zote katika tiba nzima.

Kesho kwenye dirisha la kutolea dawa mwambie muuguzi ukweli wote, pamoja na hiyo kete. Usiogope kufukuzwa. Dozi itapandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Na muuguzi akikufokea, mwombe daktari. Muuguzi anayemfokea mteja aliyesema kweli anawafundisha wote waliopanga foleni kusema uongo.

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano, niko kwenye methadoni. Mama mkwe anasema namtilia mtoto sumu, niache leo leo. Silali kwa mawazo. – Dada, Manzese

Usiache, dada yangu. Ukikatisha ghafla, arosto unayoipata wewe anaipata na mtoto tumboni, na inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwa mjamzito mraibu wa unga, methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa, na hilo halina ubishi miongoni mwa wanaojua kazi hii.

Miezi ya mwisho unaweza kuona dozi haikufikishi asubuhi. Si kwamba umerudi nyuma. Mwili wa mjamzito huimaliza dawa haraka zaidi. Sema, watakuongezea au wataigawa mara mbili kwa siku.

Jifungulie hospitali, na waambie wakunga mapema kwamba unatumia methadoni. Mtoto anaweza kuonyesha dalili za arosto siku chache za mwanzo: kulia sana, kutetemeka, kunyonya kwa shida. Hutibika, mradi wanaomtazama wanajua sababu. Hukumbatiwa, hunyonyeshwa, na akihitaji dawa hupewa. Ukiwa hutumii unga, mnyonyeshe. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo. Kama una VVU, fuata maelekezo ya kliniki yako kuhusu ARV na kunyonyesha.

Na jambo moja la kulikariri kabla ya siku yako. Dozi ya methadoni haiondoi uchungu wa uzazi, kwa hiyo una haki ya dawa ya maumivu kama mzazi mwingine yeyote. Isipokuwa pentazosini, mojawapo ya dawa za maumivu: hiyo ukichomwa inaweza kukuingiza kwenye arosto papo hapo. Mwandikie anayekusindikiza kwenye karatasi.

Kwa mama mkwe: shikamoo mama. Mtoto wa mwanao atazaliwa salama zaidi ukimsindikiza mkweo kliniki. Wanawake kwenye foleni zile ni wachache mno, na moja ya sababu ni maneno wanayoyapata nyumbani na, nasikitika kusema, kwenye baadhi ya wodi zetu za uzazi. Kumwita mzazi teja akiwa kitandani ni ukatili, na wanaofanya hivyo wanajijua.

Tangu nianze dawa za TB nasikia mifupa inauma, jasho, kuhara. Wenzangu kijiweni wanasema methadoni imeanza kula mifupa. – Kaka, Vingunguti

Methadoni haili mifupa. Hiyo ni arosto. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB hulifanya ini liondoe methadoni mwilini haraka, na dozi iliyokutosha mwezi uliopita haikutoshi sasa. Usiache dawa za TB hata siku moja. Nenda kliniki ya methadoni na kadi yako ya TB, watapandisha dozi. Na ukimaliza TB rudi tena ukawaambie, maana rifampisini ikiondoka ile dozi kubwa itakuwa imekuzidi. Hapa ndipo watu husahau, kwa kuwa wakati huo wanajisikia wazima.

Mlio kwenye ARV: efavirenzi na nevirapini hufanya hivyo hivyo. Dolutegraviri haina shida hiyo.

Naendesha bodaboda. Naruhusiwa? – Tabata

Wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa, hapana, kaa chini. Ukishatulia na husinzii, unaweza. Ukinywa pombe, usipande pikipiki, uwe kwenye methadoni au usiwe.

Nauli kwenda na kurudi kila siku imenishinda. Nikienda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa haitoshi? – Mteja, Chanika

Haitoshi. Siku unazoruka utazijaza kwa unga, wewe mwenyewe unajua. Zungumza na ustawi wa jamii wa kliniki yako, uliza kama kuna kituo cha karibu zaidi, na kama kliniki yako ina utaratibu wa dozi za kwenda nazo nyumbani uliza masharti yake. Ukipewa, chupa ikae mahali penye kufuli: kipimo cha mtu mzima kinaua mtoto.

Ukikosa siku tatu mfululizo, usinywe kimyakimya kama hakuna kilichotokea. Sema dirishani. Dozi itabidi iangaliwe upya, na pengine ishushwe, kwa usalama wako.

Na nyie mnaopanga huduma mnaosoma safu hii: mtu anayetoka Chanika kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha, barabara ikikatika, ameshaonyesha nia kuliko wengi wetu. Dirisha lisogezwe lilipo maskani ya watu. Kibarua anayepaswa kuwa saiti saa moja asubuhi hawezi kuchagua kati ya mkate na dozi, halafu tukamwandika kwamba ametoroka tiba.

Mume wangu tangu aanze methadoni hana hamu nami. – Jina ninalo

Ni madhara yanayojulikana, pamoja na jasho, choo kigumu na mdomo kukauka. Yapo ya kufanya, kwa hiyo amwone daktari, ikibidi dozi iangaliwe. Asiipunguze mwenyewe. Kwa choo: maji, matunda, mboga za majani. Meno apige mswaki, maana mdomo mkavu huyaharibu, na watu wakaisingizia dawa kuyaozesha.

Methadoni inatibu bangi? Pombe? Kokeini? – Watu wanne tofauti

Haitibu. Ni kwa heroini na jamii yake.

Tumemfungia ndani siku kumi, arosto imeisha. Sasa tumpeleke wapi? – Familia, Magomeni

Mpelekeni kliniki leo, kabla hajatoka kwenda maskani. Arosto kuisha siyo kupona. Siku kumi mmemwondolea uzoefu wa unga na hamu mmemwachia, na aliye hivyo ndiye anayezidiwa na kete ya kwanza. Na msimfunge tena. Nimeona vifundo vya miguu vilivyooza kwa minyororo, na waliofunga walikuwa watu waliompenda. Akipendelea soba, nyumba ya kuishi waraibu wanaoacha dawa zote, badala ya methadoni, sawa, lakini kagueni wanavyowatendea watu kabla hamjalipa.

Kila mmoja wenu nyumbani ajue hili. Mkimkuta haamki, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma au anavuta pumzi kwa mbali, midomo imebadilika rangi, amezidiwa. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimpe chumvi. Maziwa yanaingia kwenye mapafu. Mtingisheni, mwiteni kwa sauti. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Chukueni bajaji, teksi, chochote kilicho karibu, mpelekeni hospitali na semeni wazi alichotumia, ili apewe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Akizinduka msimtoroshe wodini. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu, na kama alikunywa methadoni, hiyo bado imo mwilini na inaweza kumzamisha tena usiku.

Ramadhani tunafanyaje? – Wengi

Usiruke dozi. Kaulizieni sasa hivi kliniki zenu kuhusu saa za kunywa mwezi huo, na ikishindikana kunywa baada ya futari, mgonjwa ana ruhusa yake. Muulize sheikh wako, utaambiwa hivyo.