Kwa dereva mpya wa kijiwe: tazama unavyopeleka hesabu

Mdogo wangu, pikipiki umekabidhiwa juzi na tayari nimekusikia kijiweni ukipanga: kuanzia tarehe moja unaweka elfu tano kila siku, unaacha sigara, unaacha dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, unalala mapema. Sikucheki. Mwaka wangu wa kwanza hapa Kimara niliandika orodha hiyohiyo nyuma ya bahasha ya mkataba, tena ya kwangu ilikuwa ndefu zaidi. Kufika tarehe tisa Januari lilikuwa limebaki jambo moja tu, kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Na hilo lilibaki kwa sababu abiria anayewahi mwendokasi la kwanza hamsubiri mtu.

Nilikuwa na kibubu cha mbao. Fundi alikigongea misumari pande zote, nikakiweka uvunguni. Wiki ya kwanza nikatumbukiza kama nilivyoapa. Ya pili nikagundua kwamba ukikipindua, ukapenyeza spoku kwenye tundu na kukitikisa polepole, noti inateleza yenyewe, imekunjwa vilevile ulivyoikunja. Nilikuwa nafanya hivyo usiku na taa nimezima, wakati naishi peke yangu. Sijui nilikuwa namficha nani.

Aliyenishtua ni tajiri wangu, yaani mwenye pikipiki ninayempelekea hesabu kila siku, mama mmoja mwalimu mstaafu. Nilikwenda kumwomba anikopeshe hela ya tairi la nyuma. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema: "Mwanangu, kwangu una miezi mitano hujaruka. Elfu kumi inafika. Ya kwako mwenyewe elfu tano inakushinda. Mimi nina nini ambacho wewe huna?"

Nilirudi na swali hilo mpaka kijiweni. Hesabu yake ilikuwa na kiwango ambacho hakipandi wala hakishuki. Ilikuwa na saa: kabla ya saa tatu usiku meseji ya muamala iwe imeingia kwake. Na kulikuwa na mtu upande wa pili ambaye simu yake isipolia, anapiga. Akiba yangu mimi ilisubiri kinachobaki. Wewe bado mgeni, kwa hiyo nikwambie mapema: kwenye boda hakuna kinachobaki. Kuna mafuta, kuna oili, kuna pancha, kuna wali wa mama ntilie, na kuna mwenzako aliyefiwa. Hela ikilala mfukoni jioni, asubuhi imeshapata mwenyewe.

Ndipo nikaingia kwenye mchezo wa kijiwe, yaani upatu wa kupokezana zamu. Tulikuwa kumi na tano, kila mmoja elfu mbili kwa siku, na kila siku mmoja anaondoka na elfu thelathini. Mweka hazina anapita saa mbili usiku na daftari, anasimama mbele yako, na wenzako wanakutazama. Unaona? Kiwango, saa, mtu. Na mimi nikaongeza jambo dogo: nikishamtumia mama hesabu yake kwa wakala, siwashi pikipiki mpaka elfu mbili ya mchezo iwe mkononi, mbali na hela nyingine. Hesabu ilikuwa tayari mazoea, nikaifunga akiba mgongoni mwake kama abiria wa mshikaki. Zamu yangu ya kwanza nilinunua tairi, na kibubu nikakipasua kuni.

Ila nisikufiche, mchezo nao huvunjika. Tumewahi kuwa na mtu aliyepokea zamu ya pili, kesho yake laini haipatikani. Tangu hapo mgeni anawekwa mwisho wa orodha.

Na vipi siku ukikosa? Hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi nilianguka mara nyingi. Aprili masika yakikolea unaweza kushinda chini ya banda la mama ntilie ukitazama maji yanavyopita, umepata abiria wawili. Zamani siku kama hiyo ilikuwa inanipa ruhusa: kwa kuwa jana nimekosa, basi mpango umekufa, tuanze tena mwezi ujao. Lakini kwa tajiri hufanyi hivyo. Unampigia, unamwambia mvua imetufunga, kesho unalipa na kiporo. Hurudishi pikipiki kwa sababu ya siku moja.

Kuna abiria wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, nilimweleza hayo tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Ubungo. Akanisimulia utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile, mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa makadirio yao, kufikia hatua ya kulifanya bila kufikiri kulichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini kuna wa siku 18 na kuna wa siku 254. Na kuruka mara moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo wale wanaokwambia siku 21 zinatosha, waache waendelee na siku zao. Jambo moja kila siku, sikiliza hapo. Wewe umepanga manne, mimi niliandika zaidi.

Dubwi lilinitoka kwa njia nyingine kabisa, maana kuacha hakuna mweka hazina wa kukupitia. Nilijichunguza nikaona sichezi asubuhi wala jioni. Nacheza saa nne mpaka saa nane mchana, abiria wamekwisha, benchi letu liko hatua sita kutoka kwenye mashine, na mfukoni kuna sarafu za mia mbili za chenji. Nikahamia benchi la upande wa pili wa barabara, chini ya mwarobaini. Sarafu zote nikawa nampa mama ntilie, ananipa noti, naye anafurahi kupata chenji. Saa nne ikifika naosha pikipiki, napaka cheni grisi. Wenzangu walinicheka kwamba nimehama chama. Miezi miwili hivi bado nilikuwa nasikia ule mlio wa sarafu zikimwagika ng'ambo ya barabara na miguu inawasha. Kuna siku mbili nilivuka. Nikarudi.

Sigara sijaishinda, usije ukaniona namwomba mtu kiberiti ukasema kaka muongo. Nimefika mbili kwa siku, ya pili ni baada ya hesabu kwenda. Hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu nayo nilishaifunga kwenye hesabu kabla sijajua ninachofanya.

Leo saa mbili usiku mweka hazina atapita. Kaa karibu na taa ya duka akuone, mwambie unaanza, andikwa. Zamu yako itakuwa ya mwisho, usinune. Na elfu mbili ije mkononi, usilete maneno ya kibubu. Spoku zote za hapa tunazijua.